Hana Makuu

Wanaosema kusubiri hakuui, waulize waliwahi kusubiri nini. Nukta alisubiri wiki kumi na moja. Alikonda mpaka sketi ikawa inamzunguka kiunoni, usingizi ukamhama, na akianza kusinzia mchana kwenye kochi hushtuka na kuuliza, “Simu imelia?” Mama yake, kwenye kiti chake cha dirishani, humjibu, “Haijalia, mwanangu. Ni moyo wako huo.”

Jina la Nukta hakuzaliwa nalo. Alibandikwa jina hilo kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa msahihishaji, yaani yule mtu anayesoma kila ukurasa kabla mtambo haujawashwa. Nukta moja ikikosekana ukurasa wa mia tatu, ataiona, na atakuja nayo mpaka mezani kwako. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Kisha watu wakaacha kuchapisha kalenda na kadi, mitambo ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Mzee Wino, akafunga mlango na kwenda kukaa kwake. Nukta akabaki na miaka arobaini na sita, kichwa kimejaa sarufi na mikono mitupu.

Ndipo akaona tangazo. Kampuni kubwa ya teknolojia, moja ya zile ambazo programu zake zimo kwenye simu ya kila mtu, ilikuwa inatafuta mkaguzi wa Kiswahili kwa ajili ya mashine yake ya kutafsiri. Mashine inatafsiri, mkaguzi anasoma, anasema hapa umekosea. Jamani, kama si kazi aliyoumbiwa ni nini? Na chini kabisa kulikuwa na neno lililomfanya asimame wima: kazi itafanyika nyumbani.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kisa chenyewe. Mama yake aliteleza bafuni mwaka uliopita, akavunjika nyonga, na tangu hapo hapigi hatua tatu bila kushikwa. Nukta akipata kazi ya mbali, mama atahamia kwa kaka mtu. Kaka hana shida. Shida ni mke wa kaka. Wifi na mama hawapikiki chungu kimoja, na mara ya mwisho mama alipokaa kule wiki mbili alirudi haongei, anajibu ndiyo na hapana tu, yeye ambaye mdomo wake haujui likizo. Nukta hakutaka kumwona tena hivyo. Hilo ndilo alilokuwa analipigania, wala si ukubwa.

Basi akaanza. Kwanza fomu. Fomu ikamtaka aeleze mafanikio yake makubwa kwa maneno mia tano, naye akakaa siku mbili akiitazama.

“Waandikie unajua kazi yako,” mama akasema.

“Nimeandika. Yamebaki maneno mia nne tisini na saba.”

“Makubwa! Sisi tumefundishwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.”

“Mama, hawa usipojitembeza hawakuoni.”

Baada ya fomu ukaja mtihani, sentensi mia moja na ishirini kwa dakika tisini, saa inahesabu kwenye kona ya skrini kwa rangi nyekundu. Baada ya mtihani, kujirekodi mbele ya kamera: swali linatokea, unapewa nusu dakika ya kufikiri, kisha unajieleza kwa uso wako mwenyewe, hakuna mtu upande wa pili. Katikati ya jibu la tatu mama akauliza kwa sauti kutoka dirishani, “Unamgombeza nani?” Nukta hakuruhusiwa kurudia. Siku nne nzima aliamini kwamba mama yake ndiye aliyemwangusha, akawa anamjibu mkato, na alipofaulu hatua hiyo akamwomba radhi huku analia.

Ikaja kazi ya kufanya nyumbani, kurasa ishirini. Ukaja usaili wenyewe, watu watano siku moja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja dakika arobaini na tano, na wote kwa zamu wakamwuliza, eleza siku uliyopingana na mkubwa wako. Mara tano akaeleza jambo lile lile. Shirika moja la akiba lilileta kitabu chake, na kwenye jalada ilitakiwa isomeke Tunakuza Akiba Yako. Mpangaji wa herufi akaruka moja. Mtambo ulishatoa majalada mia nane yanayosema Tunauza Akiba Yako, Nukta akakimbia akauzima kwa mkono wake. Mzee Wino alikuwa amesimama pale pale, jalada ameshika, akasema haoni kosa. Nukta, kwa hasira, akamwambia mbele ya mafundi wote, “Utaonaje, mzee, na huangalii?” Mzee Wino alimfokea mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na hakusema naye siku nne. Wale wasaili walikipenda kisa hicho. Mmoja alicheka hadi akavua miwani.

Kisha kimya. Wiki ya nane, kimya. Wiki ya tisa meneja wa kiwanda cha vitabu katika mji mwingine, safari ya siku nzima, akampigia kumpa kazi ya ofisini. Nukta akaomba muda. Meneja akasema sawa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa sita mchana, ikipita hapo anamwita mwingine. Sasa ikawa kusubiri kuna ukuta mbele yake. Wiki ya kumi kampuni ikaandika kwamba imebaki hatua moja tu, kuzungumza na watu wawili waliofanya naye kazi. Akatoa jina la mwalimu wake wa zamani na jina la Mzee Wino. Akalala usingizi siku hiyo.

Jumanne ya wiki ya kumi na moja simu ikalia kweli. Alikuwa mratibu wa ajira, binti mwenye sauti ya upole, asiyejua Kiswahili hata neno. Siku zote walizungumza Kiingereza. Akasema kamati imesimamisha faili lake. Kuna wasiwasi.

“Wasiwasi gani?” Nukta akauliza.

“Sipaswi kukusomea. Lakini umekaa nasi muda mrefu.” Akashusha sauti, akasoma muhtasari uliokuwa kwenye faili. Mwajiri wake wa zamani ameeleza kwamba mgombea hana ubora wa pekee. Kwamba hana uwezo wa kujieleza. Kwamba utiifu wake uko kwa watu wengine. Kamati inakaa Alhamisi saa tisa alasiri kufunga jambo hilo.

Nukta akamshukuru. Adabu haifi hata mtu akiwa anazama. Akakata simu, akayaandika yale mambo matatu kwa Kiswahili kwenye karatasi, kwa mwandiko wake uliozoea kusahihisha wengine, akayasoma, akaona giza. Miaka kumi na tisa! Yule mzee kumbe aliweka kinyongo cha jalada moyoni miaka yote hiyo, akangoja siku ya kumlipa. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

“Nani amekufa?” mama akauliza.

“Mimi,” Nukta akasema, akamwita jirani amwangalie mama, akatoka.

Hakubisha hodi, hakusalimu. Alimkuta Mzee Wino sebuleni anakaza skrubu za feni ya mezani. Akamwekea ile karatasi kifuani. “Soma! Soma mwenyewe ulivyonichimbia kaburi! Nimekukosea nini mimi? Nimekuibia? Mama yangu anakwenda kuteswa kwa ajili ya kinyongo chako!”

Mzee akaishika karatasi, akaitazama, akaikunja mara mbili, akamrudishia. “Nisomee wewe,” akasema.

Nukta aliona hiyo ni dharau juu ya dharau. Akamsomea kwa kupiga kelele, jambo moja moja, mpaka majirani wa ukuta wa pili wasikie. Alipofika kwenye utiifu, Mzee Wino alikuwa ameweka bisibisi chini.

“Mimi nimesema hayo?”

“Umesema!”

“Mimi nilipigiwa na simu yenye sauti ya mwanamke, Kiswahili kimepigwa pasi, hakina hata mkunjo. Akaniambia jibu kwa lugha yako. Nikafurahi. Nikasema, Nukta? Nukta hana makuu. Hana neno. Ni mtu wa watu yule. Kuna ubaya gani hapo?”

Nukta akayasikia yale maneno. Akayarudia taratibu, kama alivyozoea kurudia mstari uliomtia shaka. Hana makuu, yaani hajikwezi, na ile mashine ya kutafsiri iliyompigia ikasikia hana jambo lolote kubwa. Hana neno, yaani hana tatizo na mtu, na mashine ikasikia hana maneno, hajui kusema. Mtu wa watu, yaani kila mtu anampenda, na mashine ikasikia ni mtu wa wenyewe, ana wakubwa wengine huko. Kisha mtu mwingine asiyejua Kiswahili akaufanyia tafsiri hiyo muhtasari mzuri, wenye heshima zake, na kuutia kwenye faili. Ilikuwa ni mashine ile ile aliyoomba kuikagua.

Akaketi sakafuni. Alicheka, na kicheko kikageuka, akawa analia na huku anaomba msamaha, “Nisamehe, mzee wangu, nisamehe, nimekuvunjia heshima nyumbani kwako.”

“Umenivunjia,” Mzee Wino akasema. “Hata hodi hukupiga.” Lakini alimsogezea kiti.

Kutoka pale pale Nukta akampigia mratibu, akaeleza. Yule binti akasema anamwamini, ila maelezo ya mgombea hayaingii kwenye faili. Faili linataka maneno ya shahidi mwenyewe. Anaweza kutuma kiungo kipya, shahidi ajirekodi upya, mwisho kesho kutwa kabla ya saa tisa. “Mwambie atumie maneno ya wazi,” akasema. “Yasiyo na mikunjo. Na atoe mfano.”

Jumatano kiungo hakikufika. Nukta alifungua barua pepe mara sitini, mara sabini, akapiga simu, akaambiwa kiko njiani. Mama alikataa kula kwa sababu Nukta hakuwa anakula. Kiungo kilifika Alhamisi saa nne asubuhi. Saa nne na nusu Nukta alikuwa kwa Mzee Wino, safari hii akapiga hodi mara tatu, wakaweka simu juu ya stuli katikati yao.

“Tafadhali eleza ubora wa mgombea,” simu ikasema, kwa ile sauti ya pasi.

“Nukta hana...” Mzee Wino akaanza. Nukta akainua kidole. Mzee akafuta, akaanza upya. “Nukta ni hodari kuliko wasahihishaji wote duniani.” Akasita, akafuta mwenyewe, uso umemkunjamana. “Hiki ni kilemba cha ukoka! Ukimsikia mtu anamsifu mwenzake hivi, ujue anamuuza. Nani ataniamini?”

“Hao wataamini, mzee. Ndivyo wanavyosemeana.”

“Basi wana taabu.”

Walijaribu mara tano. Kila alipofika katikati ulimi wa Mzee Wino ulirudi nyumbani wenyewe. Mara akasema ana mkono mwepesi, Nukta akaona mashine itasikia mwizi. Mara akasema ana jicho, Nukta akahofu watauliza la pili liko wapi. Saa saba ikafika. Alijua saa tisa ikipita, kesho yake saa sita atamwambia meneja ndiyo, na Jumamosi kaka atakuja na gari kumchukua mama. Alimwona tayari amekaa kiti cha nyuma, mkoba magotini, kimya.

“Mzee, mfano,” akasema. “Toa mfano mmoja tu wa kweli. Chochote.”

Mzee Wino akavuta stuli karibu yake, akainamia simu kama mtu anayetaka kumnong’oneza.

“Mimi nilikuwa na kiwanda cha kuchapa vitabu,” akasema. “Na mimi sijui kusoma.”

Nukta akadhani amesikia vibaya.

“Niliingia pale kama mfagizi. Nikajifunza mtambo kwa masikio, wino kwa kidole, karatasi kwa kuipapasa. Herufi moja moja nazijua kwa sura, lakini zikikaa pamoja zinanikimbia. Mwenye kiwanda alipozeeka akaniuzia mimi, maana mtambo ulinitii. Nikaona haya kumwambia mtu. Akaja huyu dada. Nikawa nampa kila kitu asome, nami nasimama nyuma nimekunja uso, watu wanadhani nami nimesoma. Miaka kumi na tisa sikuwahi kujua ninachochapa isipokuwa kwa macho yake. Vitabu vya shule, vya dini, karatasi za mitihani. Hakikurudi hata kimoja. Siku moja alizima mtambo, jalada lina kosa, nalo ninalo mkononi. Nililiangalia. Niliona wino umekaa vizuri. Nikamfokea mbele ya watu kwa sababu niliogopa watajua. Angenyamaza, kiwanda kingekufa siku ile. Huo ndio mfano wangu.”

Kisha ile sauti ikasema, “Asante. Kutuma, sema ndiyo. Kufuta, sema hapana.”

Nukta aliunyoosha mkono haraka kuifunika. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na hakuyafuta. Alikuwa anaona aibu, aibu ya juzi na aibu ya siku ya jalada, zimemkalia kifuani pamoja. “Usitume, mzee. Tutatafuta mfano mwingine. Hii watasikia watu usiowajua.”

“Waache wasikie, wako mbali huko. Niliyekuwa namwogopa ni wewe.” Akautoa mkono wa Nukta taratibu, akainama. “Ndiyo,” akaiambia simu. Akakaa nyuma, akajifuta uso kwa leso, akaichukua bisibisi yake na kuanza tena kuhangaika na ile feni.

Ijumaa Nukta alikuwa wima tangu alfajiri. Alifagia nyumba iliyofagiwa. Alikunja nguo za mama, akazikunjua kwa sababu alijiona kama anazipanga kwa safari. Saa nne meneja wa kiwanda cha vitabu akapiga kumkumbusha. Saa tano mama akasema, “Nikienda, nipatie ile redio ndogo. Nitaongea nayo.” Alisema kwa utani, na Nukta akakimbilia jikoni, akashika ukingo wa sinki, akavuta pumzi mpaka akaweza kurudi.

Saa tano na dakika arobaini ikalia.

Mratibu alikuwa anaongea upesi, maneno yanapandana. Kamati ilikaa jana mpaka jioni. Wametafuta mfanyakazi wao mmoja anayejua Kiswahili, wakamsikilizisha ile sauti yenyewe, si tafsiri. Amewaambia waifute tafsiri ile ya kwanza yote. Wamekubaliana wote. Barua ya kazi anaituma sasa hivi, aangalie.

Nukta akasema asante, asante, asante, akashindwa kusema la nne. Barua ikaingia. Akaisoma kwa kidole, kama mtoto, akitafuta neno nyumbani. Lilikuwepo, mstari wa tatu.

“Mama,” akasema. “Huendi popote.”

Mama yake aligeukia dirishani. “Haya,” akasema. “Basi nenda kamwambie huyo meneja wa watu asiendelee kungoja. Halafu tule. Mmeniua kwa njaa wiki nzima.”

Akampigia meneja, akamshukuru, wakaagana vizuri. Kisha akafungua ujumbe wa simu na kuanza kumwandikia Mzee Wino, kwa mazoea ya miaka. Enzi za kiwanda alikuwa akimwandikia, Nimechelewa kidogo. Mama anaumwa, sitafika leo. Ujumbe wa namna hiyo alimtumia mamia, na kila mara Mzee Wino badala ya kujibu alimpigia, akauliza, “Enhe, unasemaje?” Kiwandani walimcheka kwamba yule mzee anapenda kuongea. Nukta alishaandika, Mzee wangu, nimepata, wamekubali wote, kidole kiko juu ya alama ya kutuma, ndipo akajiona anachokifanya.

Akayafuta maneno yote. Akapiga. Simu iliita mara moja tu, maana mwenyewe alikuwa ameikalia.

“Nukta,” akasema Mzee Wino. “Wameandika?”

“Wameandika.”

“Haya, nisomee.”

Nukta akaivuta kompyuta karibu, akafuta macho kwa kiganja, akaanza kumsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, tangu tarehe.